Mto wa jirani, Milima ya Ngong au Longonot: darasa la jiografia la Nairobi liende wapi?

Kila mwaka unapoanza, walimu wa jiografia hapa Nairobi hupigiana simu kuulizana jambo moja: mwaka huu mnawapeleka wapi? Pesa zikipatikana ni za safari moja. Basi la shule ni moja, nalo lina kazi zake: mpira, tamasha la muziki, drama, mazishi ya mzazi. Ukishapewa siku yako huipati tena mpaka mwaka ujao. Wapo wanafunzi ambao siku hiyo moja ndiyo pekee watakayowahi kuisoma ardhi kwa miguu yao, kwa hiyo sipendi kuiona ikipotea.

Nimefundisha somo hili miaka 14, yote katika shule za kutwa upande wa Eastlands, mashariki mwa jiji. Nimejaribu mahali pengi, lakini mjadala wetu wa walimu hurudi kwenye chaguo tatu. Kuna mto ulio karibu na shule, unaofikika kwa miguu. Kuna Milima ya Ngong, ambayo ukiondoka mapema inakula nusu siku na kipande. Na kuna Bonde la Ufa lenyewe upande wa Naivasha, yaani mlima wa volkeno wa Longonot, au mbuga ya Hell's Gate na mitambo ya umeme ya Olkaria, safari ya kutwa nzima. Nitazipima moja kwa nyingine, na nitasema wazi ninayoipa nafasi ya kwanza na kwa nini.

Angalia kwanza ni darasa gani

Katika mtaala wa 8-4-4, volkeno na mipasuko ya ardhi ni mada za Kidato cha Pili, mito ni ya Kidato cha Tatu, na nishati ni ya Kidato cha Nne. Tangu Januari 2026 shule zetu zina Gredi ya 10 ya mtaala mpya upande mmoja, na upande wa pili Kidato cha Tatu na cha Nne wanaomalizia mtaala wa zamani. KCSE, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, ya mwisho ya mfumo huo ni ya 2027. Maana yake ni kwamba Kidato cha Tatu cha sasa kinasoma mito, huku volkeno walizisoma mwaka uliopita na nyingi zimeshawatoka. Ukiwapeleka Longonot kwa sababu Longonot ina jina, umewapeleka kwenye mada iliyopita na kuiacha ile iliyo ubaoni.

Halafu kuna mtihani. Swali la sita la karatasi ya kwanza ni la lazima, na kwa kawaida ni la ramani. Maswali ya utafiti wa nyanjani nayo hayakosi kujitokeza: mlijiandaaje, mlikusanya data kwa njia gani, mlikumbana na shida gani. Mwanafunzi aliyewahi kwenda anajibu kwa kukumbuka. Asiyewahi kwenda anakariri orodha, na ukisahihisha karatasi 50 unazijua mara moja zilizokaririwa, kwa sababu katika zote mvua ilinyesha na wenyeji walikataa kujibu maswali.

Mto wa jirani

Nairobi ni jiji la mito, ingawa tumezoea kuiita mitaro. Hata jina lake linatokana na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji baridi. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukapita Chiromo na Gikomba, ukafika Korogocho na Dandora, halafu ukajiunga na Mto Athi. Maji hayo hayo huingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi yakiitwa Sabaki. Nikilisema hili darasani huwa nanyamaza kidogo niwaache walipokee. Mtoto anayevuka mto huo kila asubuhi akiwa ameziba pua hajawahi kuambiwa kwamba una chanzo, una mwisho, na kwamba unafika pwani.

Faida ya kwanza ya mto ni kwamba haugharimu chochote ila barua za wazazi na vifaa vya kuazima. Ya pili, ambayo kwangu ni kubwa zaidi, ni kwamba unaweza kurudi. Pima Februari wakati wa kiangazi, upime tena mvua za masika zikishaanza, na darasa lako lina data mbili za kulinganisha. Safari ya Naivasha haiwezi kukupa hilo.

Tunavyofanya ni hivi. Tunatafuta daraja la miguu na sehemu ya mto iliyonyooka, tunapima mita 10 kando ya ukingo, kisha mwanafunzi mmoja anadondosha chungwa majini na mwingine anahesabu sekunde. Chungwa linafaa kwa sababu huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo haliyumbishwi na upepo kama chupa tupu. Kina tunakipima kutoka darajani kwa fito ya mwanzi iliyochorwa sentimita, na upana kwa kamba. Hakuna anayeingia majini, na hakuna anayelifuata chungwa, kwa sababu maji yale yana kinyesi na kemikali. Glavu ni lazima hata kwa anayeshika kamba.

Siku moja tulipata upana wa mita 6, kina cha wastani cha sentimita 25, na chungwa likatumia sekunde 20. Hiyo ni nusu mita kwa sekunde juu ya maji. Chini maji huenda polepole kwa kusuguana na kitanda cha mto, kwa hiyo tukazidisha kwa 0.8. Jibu lilikuwa lita 600 kila sekunde. Nikawauliza hiyo ni mitungi mingapi ya lita 20, ile wanayonunua kwa mchuuzi wa maji. Mitungi 30, kila sekunde moja. Kimya kilichofuata sijakipata kwa picha yoyote ya kitabu.

Kisha kuna mafuriko. Baada ya masika ya 2024, pale mito ya jiji ilipofurika na kuua watu na nyumba za kandokando zikabomolewa baadaye, alama za maji zilibaki kwenye kuta. Tulimkuta mzee mmoja ameketi nje ya duka lake.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Nzuri, wanangu. Tepu ya nini hiyo?"

Walipomweleza, aliinuka, akaweka kiganja ukutani, akasema, "Yalifika hapa. Mimi nilikuwa juu ya paa." Kiganja kilikuwa mita 1.4 kutoka sakafuni. Tuliazima ule mpira mwembamba wa maji ambao mafundi wa ujenzi hupimia usawa, tukaona sakafu yenyewe iko mita 2.5 juu ya mto wa siku ile. Wanafunzi wakajumlisha wenyewe: karibu mita 4.

Lakini hapa pana jambo linalotaka moyo. Baadhi ya wanafunzi wangu ni wa nyumba zile. Kuna mmoja ambaye familia yake ilipoteza kila kitu usiku ule, nami sikujua mpaka nilipomwona amesimama mbali na wenzake, hashiki kalamu. Tangu hapo nauliza kabla, faraghani, mmoja mmoja, na anayetaka kubaki shuleni kuchora ramani anabaki bila kuhojiwa. Umaskini wa mtoto usigeuzwe kielelezo cha somo mbele ya wenzake.

Kasoro za mto ni za kweli. Sehemu nyingi zimejengewa kuta au zimezibwa na taka, kwa hiyo usitegemee kuona umbo la bonde kama la kitabuni. Usalama unahitaji mtu anayejulikana mtaani. Mwambie mzee wa nyumba kumi mapema na uende naye. Na usiende kamwe siku ambayo mvua imenyesha Kikuyu au Limuru, hata kama jua linawaka Eastlands, kwa sababu maji ya kule yatawafikia hapa saa kadhaa baadaye. Shule zilizo karibu na Karura zina bahati: ndani ya msitu kuna vijito, maporomoko ya maji, mapango, na njia salama zenye askari. Ningekuwa nafundisha upande huo, mto wangu ungekuwa ule.

Milima ya Ngong

Nikipewa basi moja na siku moja, naenda Ngong. Nitaeleza kwa nini kwa urefu kidogo, kwa sababu wenzangu wengi huiona kama mahali pa matembezi ya Jumapili.

Safari inaanza kufundisha hata kabla ya kupanda. Tukitoka Eastlands, udongo ni mweusi, ule wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Wanafunzi wanaujua, baba zao ni mafundi, na wanajua kwamba lazima uchimbwe na kutupwa kabla ya msingi kuwekwa, la sivyo ukuta unapasuka. Tukipita Lang'ata na kuingia Karen, kando ya barabara udongo umeshaanza kuwa mwekundu. Nchi tambarare ya mashariki haitiririshi maji vizuri, na miteremko ya magharibi inatiririsha. Tunasimama mara mbili, kila kundi linachota konzi moja kwenye mfuko wa karatasi na kuandika jina la mahali. Hiyo peke yake ni mada ya udongo ya Kidato cha Tatu, tena kwa dakika 15.

Juu kwenye mgongo wa milima, kilele kikiwa mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, mtu anasimama mahali ambapo hatua moja inatenganisha nchi mbili. Mashariki kuna Ngong, Karen, Nairobi na mashamba ya kijani. Magharibi ardhi inaporomoka kwa ngazi hadi sakafu ya Bonde la Ufa, kahawia, yenye vichaka vya miiba na mabati ya maboma yanayomeremeta mbali. Siku ya anga safi unauona Mlima Suswa, na Longonot nyuma yake. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alitazama kushoto, akatazama kulia, akaniuliza, "Mwalimu, mbona huku ni kijani na kule hakuna kitu?"

Sikumjibu. Nilimwambia ageuke uso upande ambao upepo unampiga. Ulikuwa unatoka mashariki, kama kawaida. "Umetoka wapi?" Baharini, akasema. "Umebeba nini?" Akaanza kujibu, akakatika, akawageukia wenzake na kuwaeleza yeye mwenyewe: upepo unapanda mlima, unapoa, unaacha mvua upande wa Nairobi, ukivuka hauna kitu tena. Magadi, iliyo chini kabisa upande ule, hupata karibu nusu tu ya mvua tunayopata sisi. Nilikuwa nimeichora picha hiyo ubaoni mara tatu kabla ya siku ile.

Kisha milima yenyewe. Ngong ni mabaki ya volkeno kubwa ya mamilioni ya miaka iliyopita. Ardhi ilipopasuka na sakafu ya bonde kudidimia, sehemu kubwa ya mlima huo ilizama pamoja nayo upande wa magharibi. Kwa hiyo unaposimama pale unasimama juu ya volkeno na kwenye ukingo wa mpasuko kwa wakati mmoja, na mwanafunzi anaweza kukuonyesha kwa kidole kipi kilianza na kipi kilifuata. Longonot, pamoja na uzuri wake wote, haikupi mpangilio huo.

Ongeza mitambo ya upepo. Ya kwanza ilisimikwa mwaka 1993, na sasa kampuni ya umeme ya KenGen ina uwezo wa megawati 25.5 pale. Kwa Kidato cha Nne hiyo ni mada ya nishati, na swali la kwa nini ijengwe juu ya mgongo wa mlima na si kule bondeni linajijibu mtu akivua kofia.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la ramani. Nunua karatasi za ramani ya 1:50,000 za eneo la Ngong kwa Survey of Kenya pale Ruaraka, moja kwa kila wanafunzi watano. Sentimita 2 kwenye ramani ni kilomita 1 chini, na kila mstari wa kontua, ule unaounganisha mahali pa kimo kimoja, umepishana na mwenzake kwa mita 20 za kimo. Kwanza wanaielekeza ramani kwa dira mpaka barabara ya kwenye karatasi ilingane na barabara ya kweli. Kisha nawaambia: tembeeni kwenye mteremko huu dakika tano bila kupanda wala kushuka hata hatua moja. Kundi linajipanga mstari, linazunguka ubavu wa mlima, linaingia kwenye korongo na kutokea upande wa pili likifuata umbo lake. Nikipiga filimbi wanasimama na kujitazama. Mstari waliousimamia ndio kontua. Pale walipoingia korongoni, mstari umepinda kuelekea juu ya mlima, kama tu ulivyopinda kwenye karatasi. Baada ya hapo sina haja ya kumwambia mtu kwamba kontua zikipinda kuelekea juu pana bonde.

Zoezi hilo haliwezekani Eastlands kwa sababu ardhi ni tambarare mno, na halifai Longonot kwa sababu njia ni moja nyembamba na mteremko ni mkali.

Ubaya wa Ngong ni majira. Kati ya Juni na Agosti ukungu na baridi hufunika mgongo, na unaweza kurudi bila kuliona bonde hata kidogo. Limewahi kunikuta: darasa zima ndani ya wingu, wakitetemeka, na mimi nikieleza nisichoweza kuonyesha. Nenda Januari au Februari, au Septemba. Epuka wikendi, watu ni wengi. Agiza askari wa msitu awasindikize, kwa sababu njia za mbali kutoka langoni zimewahi kuwa na matukio ya wizi. Na kila mtoto abebe sweta hata kama mjini jua linachoma.

Longonot, au Hell's Gate na Olkaria

Hizi mbili watu huzitaja kwa pumzi moja, na zinatofautiana sana.

Longonot ni volkeno iliyo kamili machoni: umbo la mlima, ukingo wa kasoko, yaani shimo la volkeno, msitu ndani ya shimo hilo, mtiririko wa lava ya zamani ubavuni. Kilele ni mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3.1 za kupanda, na kuuzunguka ukingo ni nyingine 7.2. Kwa kijana mwenye viatu vizuri ni siku isiyosahaulika. Kwa darasa la watoto 50 wenye viatu vya shule, wa kwanza watafika juu wakati wa mwisho wako nusu ya njia, na mwalimu mmoja hawezi kufundisha sehemu mbili. Nimepanda nalo darasa mara mbili, na mara zote mbili somo nililolipanga kwa ukingoni nililitoa kwa nusu ya wanafunzi.

Hell's Gate ni tambarare na basi linaingia ndani. Nguzo za mawe kwenye kuta za bonde zinaonyesha jinsi lava inavyopoa na kupasuka kwa mistari iliyonyooka, na mnara wa Fischer ni mwamba mgumu uliobaki baada ya mwamba laini uliouzunguka kuliwa na mmomonyoko. Ukiendelea unafika Olkaria, ambako kituo cha kwanza cha umeme wa jotoardhi kilianza kazi mwaka 1981. Mabomba ya mvuke yamepinda kwa pembe mraba kila baada ya umbali fulani ili chuma kikipanuka kwa joto kisipasuke. Waulize wanafunzi kwa nini yamepindwa kabla ya kuwaambia. Zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya unatokana na mvuke wa ardhi, kwa hiyo Kidato cha Nne kinachosoma nishati kina sababu nzuri ya kwenda huko kuliko kwingine kokote. Andika barua mapema, kwa Shirika la Wanyamapori (KWS) ili upate kiwango cha kiingilio cha wanafunzi na kwa KenGen ili mpokewe na mtu wa kuwaeleza.

Korongo la Hell's Gate ni jambo jingine. Mwaka 2012 na tena 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu saba kila mara ndani yake. Maji hutoka mbali, korongo ni jembamba, na kuta hazipandiki. Mimi sishushi darasa humo, hata anga likiwa jeupe. Mwalimu atakayesema nimeogopa kupita kiasi, namwomba afikirie kuwaeleza wazazi.

Njia yenyewe ya Mai Mahiu, hata hivyo, ni darasa refu. Ukishuka ule ukuta wa bonde unashuka mpasuko wenyewe. Karibu na Suswa, Machi 2018, ardhi ilifunguka na kuikata barabara ya Narok, na ulimwengu mzima ukatangaza kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wakaeleza kwamba mvua kubwa ilikuwa imeosha majivu ya volkeno yaliyojaza ufa wa zamani. Ni kweli bara linatanuka pale, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Mwanafunzi anayeweza kutenganisha mambo hayo mawili ameielewa mada. Na mwishoni mwa Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa nyuma ya tuta la reli Old Kijabe yalilibomoa na kuua watu kwa makumi kuelekea Mai Mahiu. Tunapita hapo tukiwa kimya, kisha nawaomba watafute kwenye ramani maji yalikotoka.

Shida ya safari hii ni saa. Wanafunzi hawaruhusiwi kusafiri usiku, na ni sawa kabisa. Lakini ondoa msongamano wa Waiyaki Way asubuhi, malori kwenye mteremko, foleni ya langoni, chakula, na msongamano wa kurudi. Mwaka mmoja gari tulilokodi lilikuja saa tatu baada ya wakati tuliokubaliana, na mwenye gari hakuomba hata radhi. Watoto walikuwa uwanjani tangu alfajiri na mkate wao mkononi. Tulipofika Naivasha tulikuwa na dakika 40. Ripoti nilizopata ziliandika, "Tuliona mlima." Wazazi walikuwa wamechanga kwa miezi miwili kwa ajili ya sentensi hiyo, na hadi leo naumia nikiikumbuka.

Zinavyosimama zikipambanishwa

Kwa gharama, mto haulipiwi, Ngong ni mafuta ya basi na kiingilio kidogo, na Naivasha ni zaidi ya vyote kwa mbali. Viingilio hubadilika, kwa hiyo angalia kabla ya kuwaandikia wazazi. Kwa muda halisi wa kujifunza mlipofika, mto hukupa asubuhi nzima, Ngong saa nne hivi, na Naivasha saa mbili au tatu ikiwa hakuna kilichoharibika njiani.

Kwa namba za kupima na kuchora grafu, mto unashinda bila mpinzani. Kwa ramani, Ngong. Kwa volkeno pekee, Longonot. Kwa nishati, Olkaria, na Ngong ikiwa nyuma kidogo. Magadi sijaizungumzia kwa sababu joto na umbali vinaifaa safari ya kulala, au shule inayotafuta madini ya magadi hasa. Ukienda, pitia Olorgesailie uone mashoka ya mawe ya watu wa kale.

Wapo wanaouliza kama picha za setilaiti hazitoshi. Zitumie, hasa kabla ya kwenda: kwenye skrini moja wanafunzi wanaweza kulitazama Ziwa Naivasha likipanda na kushuka mwaka hadi mwaka, au Eastlands ikijaa mabati. Lakini skrini haina upepo, na yule msichana wa Ngong aliielewa mvua kwa kupigwa na upepo usoni.

Kwa hiyo, kama darasa lako ni la Gredi ya 10 na bado hawajui kushika dira wala kupima kamba, anza na mto, uende mara mbili, usubiri. Kama ni Kidato cha Tatu na basi limepatikana, nenda Ngong baada ya kupima mto. Kama ni Kidato cha Nne, shule ina fedha, na walimu wanaofuatana nao ni wanne au zaidi, nenda Hell's Gate na Olkaria mkiondoka mapema, na Longonot waitazame kutoka barabarani. Kundi dogo la chama cha jiografia, watu 15 wenye miguu imara, hao ndio wa kupanda Longonot.

Mwaka huu mwalimu mkuu amenipa basi Ijumaa moja mwezi Septemba, muhula wa tatu ukishaanza. Data ya mto ya Februari tunayo tayari, na ya Aprili tunayo pia, imebandikwa ukutani nyuma ya darasa. Ramani za Ngong ni tisa. Nahitaji dira mbili zaidi, na mwenzangu wa fizikia ameahidi kuniazima.